Kesi za Masteringi Waliokufa

Alikuwa mwanamke, lakini kazi yake iliitwa mzee wa baraza. Kwa asiyejua, wazee wa baraza ni wale raia wanaokaa na hakimu katika mahakama ya mwanzo, wakasikiliza kesi pamoja naye na kutoa maoni yao kabla ya hukumu. Sisi majirani zake wa Same mjini tulimwita Mama Baraza. Jina alilobatizwa ninalijua, lakini siliandiki hapa, kwa sababu angenishtaki.

Nasema hivyo bila mzaha. Mimi ni Mbena, nilifika nchi hiyo kwa ajili ya mkonge, na nimewatania wenyeji wake, Wapare, tangu siku niliposhuka kwenye lori. Kwetu watu wawili wakigombana hununiana mwaka mzima, mambo yakaisha yenyewe. Mpare hana muda wa kununa, anafungua kesi. Nimemwona mtu akiuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kudai mbuzi, na alipompata mbuzi wake alirudi nyumbani akiimba. Ukimuuliza ng'ombe yuko wapi, anakushangaa. Si ameshinda?

Mama Baraza naye alikuwa na kesi aliyoshinda, na ndiyo iliyomtesa. Huko milimani kwao mashamba humwagiliwa kwa zamu kutoka kwenye ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji, na kila ukoo unajua siku yake. Mdogo wake wa kiume, ndugu pekee aliyebaki, alifungulia ndiva siku isiyo yake. Maharage ya dada yakakauka. Dada akaenda mahakamani, na siku hiyo hakukaa kwenye kiti cha wazee, alisimama upande wa walalamikaji, akashinda. Mdogo mtu alihukumiwa mbele ya watu waliomjua tangu anatambaa. Akakunja blanketi lake, akashuka mlima, akaajiriwa kwenye kiwanda cha mkonge tambarare, na mwishowe akapanga chumba Hedaru. Kutoka Same hadi Hedaru ni mwendo mfupi wa basi. Nilipoanza kumjua Mama Baraza vizuri, miaka minane ilikuwa imepita na hawajasalimiana.

Mimi nilikuja kumjua kwa sababu ya sinema. Shamba letu la mkonge lilipoanza kupunguza watu, nami nilikuwa karani huko, nilipunguzwa. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Bidhaa zilizokuwa zikipatikana kwa foleni na kwa kujuana zilianza kuonekana barabarani, mitumba, redio, sabuni za rangi rangi, isipokuwa wengi wetu hatukuwa tena na kazi. Nilinunua televisheni na deki, nikajenga banda la mabati nyuma ya soko, nikalizungushia magunia mwanga usiingie, nikaanza kuonyesha picha alasiri, hasa siku za gulio, watu wanaposhuka kutoka milimani na Wamasai wanapopanda kutoka mbugani. Nilidhani naanza biashara ya burudani. Wiki ya pili tu nikajua kwamba nimeanzisha mahakama.

Siku hiyo niliweka picha ya Kihindi ambayo mwenyewe sikuwa nimeiona. Steringi alikuwa kijana mchukuzi wa mizigo, mwema kupita kiasi. Aliimba, akapigwa, akaimba tena, na dakika za mwisho kabisa baba wa mchumba wake akampiga risasi, akafia kwenye ngazi za hekalu. Maandishi yakaanza kupanda. Fundi baiskeli wa pale stendi akasimama.

"Weka mwisho," akaniambia.

"Ndiyo mwisho."

"Bwana wee, steringi hafi! Umekata mkanda ili turudi kesho."

Kelele zikaanza. Mama mmoja muuza nyanya alikuwa analia kwa sauti kama kwamba kijana yule alizaliwa kwake. Mwingine alipiga magunia teke. Nilikuwa natafuta njia ya kutorokea, ndipo ikasikika sauti kutoka kwenye benchi la karibu na mlango.

"Kaeni chini! Kuna mtu ameuawa hapa, nyinyi mnataka kwenda nyumbani?"

Watu wakakaa. Mama Baraza alikuwa na ungo mapajani, kwa maana alikuwa na desturi ya kuchagua maharage huku akitazama picha. Alichagua gizani kwa vidole, na ukiyapika hukuti kokoto hata moja. Akauweka ungo chini.

"Nani amemuua?"

"Baba wa msichana!"

"Bunduki aliitoa wapi?"

"Kwenye kabati," akasema muuza nyanya, akijifuta machozi. "Mkewe alikuwepo, anapanga maua."

"Mkewe alisema nini?"

"Hatujui mama, alisema Kihindi."

"Kihindi hatukijui, lakini mikono yake tuliiona. Iliacha kupanga maua?"

Haikuacha. Hilo wote walilikumbuka. Fundi baiskeli, ambaye kumbe alikuwa na roho ya uwakili, akaomba kumtetea baba: mzee wa watu ana binti mmoja tu, anamwona anaondoka na mchukuzi, nani hapa asingechanganyikiwa? Walibishana karibu nusu saa. Mwishowe Mama Baraza alimtia hatiani baba kwa kuua, na mama kwa kuona bunduki ikitolewa akaendelea na maua yake. Adhabu: wamtunze mama wa marehemu mpaka siku zake za mwisho, na yule mama wa maua ampikie kwa mikono yake mwenyewe, si kwa kumtuma mpishi.

"Afadhali," akasema muuza nyanya, akafunga khanga yake na kwenda zake.

Kuanzia hapo kila picha yenye mwisho mchungu ilifuatiwa na kesi. Nilikuja kuelewa kwamba watu wale hawakuwa wanaumizwa na kifo chenyewe. Vifo waliviona nyumbani kwao. Kilichowauma ni mtu mwema kufa na taa kuwashwa bila mtu yeyote kuulizwa. Mama Baraza aliuliza, basi, na wao walitoka bandani wakibishana, wengine wakicheka, na njia nzima ya kupanda mlimani ilikuwa ni rufaa. Ikafika mahali nikiweka picha yenye mwisho mwema, wananiuliza nimekosa nini cha kuwaonyesha.

Alikuwa Msabato, na Msabato wa kweli. Jumamosi banda langu hakulisogelea hata kwa kupita. Siku moja wazee wa kanisa walimfuata kwa upole, wakamwambia wamesikia dada yao anahudhuria sinema.

"Mimi sihudhurii sinema," akawajibu. "Nasikiliza kesi."

Wakaenda kujadiliana, na kwa kuwa nao walikuwa Wapare, waliona hoja ina uzito.

Mahakamani, wanasema, alikuwa mpole kwa mwizi wa mahindi na mkali kwa wakwe. Bandani vilevile. Jambazi aliyeiba kwa njaa alimpa nafuu. Mama mkwe aliyemkata jicho bibi harusi hakumwachia. Machozi hayakumbabaisha. Mtuhumiwa wa kwenye picha akilia, watu wakaanza kulainika, yeye alisema, "Machozi si ushahidi. Vitunguu navyo vinaliza." Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye misiba. Msibani alikuwa mtu wa kupakua makande na kuchekesha wafiwa, na wengine walimwona hana huruma. Mimi nadhani alikuwa nayo nyingi akawa anaionea aibu.

Lakini lilikuwepo kosa moja ambalo hakulisamehe. Mnazijua picha za huzuni zilivyo. Mwishoni yupo mtu anakuja mbio, ana barua mkononi au dawa au msamaha, na anafika mgonjwa ameshafunikwa shuka. Huyo mtu Mama Baraza alimhukumu kuliko wauaji. Kuna siku fundi baiskeli alijaribu kumtetea kijana aliyechelewa kumwona baba yake.

"Mheshimiwa, treni ilichelewa. Tumeiona."

"Treni ilichelewa saa mbili," akasema. "Yeye alichelewa miaka sita. Tusiisingizie treni."

Hakukuwa na mtu pale asiyejua habari za Hedaru. Fundi akaketi. Mimi nilijishughulisha na waya. Nilimwogopa Mama Baraza na kumwonea huruma kwa wakati mmoja, na sikujua lipi linastahili kutangulia.

Nilijaribu mara moja tu kumgusia. Nilikuwa nimempelekea kuni, nikasema, kama natania, kwamba Hedaru siku hizi kuna soko zuri, angeshuka siku moja akatembee. Akanitazama.

"Aliyeshindwa ndiye anayekuja kwa aliyeshinda. Ndiyo utaratibu."

"Utaratibu wa mahakama, mama. Ndugu nao wana wao."

"Mbena," akaniambia, "kuni nimepokea, asante."

Nikaaga.

Halafu ikaja habari. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akilala Hedaru alisimama sokoni, akasema yule mdogo wake Mama Baraza ameacha kazi, anakohoa sana, vumbi la mkonge limemwingia kifuani, na sasa hatoki ndani. Alisema hivyo Mama Baraza akiwa hatua tatu tu kutoka hapo, ananunua chumvi. Akasema, "Pole yake." Akachukua chumvi yake. Alasiri akaja bandani kama kawaida, akakaa mahali pake, ila nilimwona anachagua maharage na kuyarudisha yaleyale kwenye ungo.

Wiki hiyo ndiyo niliyoonyesha picha ya dada na mdogo wake. Mkanda nilikuwa nimeazima Moshi, na kulekule nilikuwa nimeuona wote, kwa hiyo nilijua kilichomo. Mke wangu mpaka leo anasema nilifanya makusudi. Mimi husema siku hiyo sikuwa na mkanda mwingine. Sote wawili tunasema kweli.

Ilikuwa hivi. Dada ana nyumba nzuri mjini, mdogo wake ni maskini kijijini, waligombana zamani kwa jambo la urithi. Mdogo anaugua. Telegramu inakuja, dada anaisoma, anaiweka mezani, anakunywa chai. Inakuja ya pili. Siku ya tatu anapanda treni. Tulimwona dirishani na milima inapita. Treni ikasimama, dada akashuka, akaanza kukimbia kwenye njia ya vumbi akiwa amevua viatu, muziki umepanda, na hapohapo deki yangu ikatoa sauti ya kutafuna na televisheni ikajaa chenga.

Nilipoufungua mlango wa deki, mkanda ulitoka kama utumbo wa kuku. Ulikuwa umekwisha kazi. Nilitegemea fujo, badala yake nikasikia mtu anapumua kwa nguvu, halafu mwingine, kisha muuza nyanya akasema, "Amemkuta hai. Mimi nasema amemkuta hai." Na mwingine akasema bila shaka, mbona mbio zile, akimbie hivyo akute maiti? Fundi baiskeli akasimama akiwa amejawa furaha.

"Waheshimiwa, kwa kukosa ushahidi, kesi imefutwa!"

Walicheka mpaka mabati yakatikisika. Sijawahi kuona watu wametoka kwenye sinema ya huzuni na nyoyo nyepesi namna ile. Mama Baraza peke yake hakucheka. Alitoka, na ungo wake akauacha kwenye benchi.

Asubuhi alikuja nyumbani kwangu kabla sijanawa uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimefuata ungo."

Nikamletea. Hakuupokea. Alibaki amesimama uani, amejitanda khanga, na nikaona kwamba hakulala.

"Ile picha uliiona Moshi."

"Niliiona."

"Ilikwishaje?"

Nitasema ukweli wangu: nilitaka kumdanganya. Ningeweza kusema nilimhurumia, lakini zaidi nilijihurumia mimi, sikutaka kuwa mtu wa kumwambia. Nikasema, "Alifika, mama. Alimkuta. Wakakumbatiana."

"Mgonjwa alikuwa amelala au ameketi?"

"Amelala."

"Amevaa nini?"

"Shati."

"La rangi gani?"

Nilikuwa nimesahau nazungumza na nani. Alikuwa ametumia maisha yake akisikiliza waongo wazuri kuliko mimi.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Hakumkuta. Alikutana na watu njiani wanarudi. Walikuwa wameshamchoma, kwa desturi yao. Dada akawauliza kitu, wakamwonyesha moshi."

Alikaa kwenye kizingiti changu, palepale chini, yeye ambaye hakukubali kukaa kwa mtu bila kukaribishwa kiti. Nilidhani atauliza zaidi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Basi la kwanza la kwenda huko linapita saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro, mama."

Akaondoka na kandambili zake za nyumbani. Mke wangu alimkimbilia na mkoba wenye mkate na sweta, na alimpatia pale barabarani basi limeshasimama. Siku hiyo sikufungua banda. Niliogopa. Kama atamkuta amekufa, mimi ndiye niliyekuwa nimemchelewesha, na picha yangu, na uongo wangu wa dakika tano. Nilikaa nje nikitazama kila basi linalotoka upande wa Hedaru, na mke wangu akiniletea chai ninaiacha inapoa.

Walirudi siku ya pili mchana, kwenye kiti cha mbele cha lori la yule dereva. Wawili. Yeye akimshikilia mtu mwembamba sana aliyefunikwa sweta la mke wangu, wakaenda moja kwa moja hospitali. Nilipomwona yule mtu anageuza shingo yake mwenyewe na kutazama soko, machozi yalinitoka mbele za watu na sikujali.

Yaliyotokea kule Hedaru alinisimulia baadaye, kwa vipande vipande, kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo. Alibisha mlango. Mdogo wake alikuwa amelala, uso ukutani, na bila kugeuka akauliza, "Umekuja na hakimu, au umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi kaa."

Akakaa. Alitaka kusema maneno aliyoyapanga ndani ya basi, akashindwa, akaanza kufagia. Chumba kilikuwa kichafu, alisema, akafagia mpaka pasipohitaji. Mdogo mtu ndipo akageuka na kumkuta dada yake ameshika ufagio, analia. Sina shahidi mwingine wa jambo hilo zaidi ya wao wawili, lakini ninaliamini.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kifua kikuu, si vumbi. Dawa zake wakati huo zilikuwa za miezi mingi na wengi walizikatisha njiani wakijiona wamepona. Yeye hakuthubutu. Dada yake alisimama mbele yake kila siku, akamwambia ameze, akamwambia afungue mdomo, akamwambia anyanyue ulimi. Alipotoka hospitali aliishi kwa dada yake, nyumba iliyopakana na yetu, na kupitia ukutani tuliwasikia wanabishana kuhusu vidonge, kuhusu chumvi kwenye makande, kuhusu nani alianguka mtini utotoni na nani alimsukuma. Mke wangu alikuwa akizima redio ili tusikilize. Bandani Mama Baraza hakuonekana kwa miezi. Kesi ziliendeshwa na fundi baiskeli, vibaya sana, kwa maana alimwachia huru kila mtu.

Banda nililifunga miaka michache baadaye, pale kila baa ilipoweka televisheni yake. Nikageukia tangawizi. Huko milimani walikuwa wameanza kuilima kwa wingi, nami nilipanda na magari ya mizigo kwenda kununua. Ndivyo nilivyowakuta siku moja, bila kutegemea, kwenye kijiji chao. Mama Baraza alikuwa amestaafu, macho yamefifia kidogo, mgongo bado umenyooka. Walikuwa wameketi uani, katikati yao lundo la tangawizi, wanakwangua udongo kwa visu vidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mbena. Bei yako ya safari hii isiwe ya wizi." Akamgeukia mdogo wake. "Ndiye huyu mwenye ile picha."

Yule bwana akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia haraka. Alikuwa amenenepa. Nywele zilikuwa nyeupe, lakini vidole vyake vilikuwa na nguvu.

"Mkanda wake bado unao?" akaniuliza.

"Uliliwa na deki, bwana. Ila siku hizi picha hizo zinauzwa Moshi kwenye sidii. Nikiiona ninunue?"

"Asinunue," akadakia Mama Baraza. "Mwisho wake mbaya mno. Utatazama, halafu utanisumbua usiku kucha."

"Ninunulie," akasema mdogo mtu, bado ameushika mkono wangu. "Nataka nione nilivyokufa."

Dada yake akampiga begani kwa ganda la tangawizi. Tulicheka wote watatu, mdogo mtu akicheka mpaka akakohoa kidogo, na Mama Baraza akaacha kucheka, akasikiliza kile kikohozi mpaka kikaisha, ndipo akaokota kisu chake akaendelea.